Fao la Ulemavu Mbele ya Jaji: Kutoka Kariakoo hadi Kizota

Kila muhula ninapofundisha sheria ya utawala huwataka wanafunzi wafungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 mahali patatu. Kwanza Ibara ya 11, inayoitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu unaofaa ili mtu apate haki ya kufanya kazi, ya kujielimisha, na ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Pili Ibara ya 7(2), inayosema kwamba masharti ya sehemu hiyo, Ibara ya 11 ikiwemo, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kwa kawaida darasa hunyamaza hapo. Kisha huwapeleka Ibara ya 13(6)(a), inayompa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi huo.

Ukizisoma ibara hizo tatu kwa pamoja unaipata hoja yote ya makala hii. Mlemavu wa Tanzania hawezi kwenda mahakamani kudai kwamba Serikali imuundie fao. Lakini fao likishaundwa na sheria, na ofisi ikamnyima, ana haki ya kumuuliza jaji kama alinyimwa kwa njia halali. Mlango wa kwanza umefungwa, wa pili uko wazi. Ninachotaka kueleza ni namna huo mlango wa pili ulivyopatikana, kwa kuwa haukuwapo tangu mwanzo, na kwa nini watu wachache mno huupitia.

Tuanze na wapagazi. Jina la Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Ugogo ulitoa watu, ng'ombe na nafaka kwa majeshi ya pande zote mbili, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, na matokeo yake ni njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofia njiani haikuwafikia warithi wao, na Hazina ya London haikuona sababu ya kuwatafuta. Aliyerudi hai lakini hawezi tena kubeba wala kulima alirudi kwa ukoo wake. Hakuwa na ofisi ya kumwandikia dai, hivyo hata wa kumnyima hakuwapo. Ndiyo sababu husema kwamba kunyimwa kwa maandishi ni hatua ya maendeleo, ingawa wanafunzi wangu hucheka.

Hatua iliyofuata ilikuja kwa migomo. Mwaka 1947 ulikuwa mwaka wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Mgomo wao wa Septemba ulipanda na reli hadi kanda ya kati, na Kongwa, ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa ndio kwanza unaanza kung'oa vichaka kwa matingatinga, nako kukagomwa. Mradi ule ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza paundi milioni 36. Miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1940 ndipo Tanganyika ilipopata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 263. Mama yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1897, na mpango wake ni wa kubadilishana: mfanyakazi aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri, lakini naye anakubali kiwango kilichopangwa na sheria badala ya hasara yake halisi.

Sheria hiyo iliishi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ilipita uhuru, ikapita Azimio la Arusha, ikapita mageuzi ya miaka ya 1990. Hadi inaachwa, kiwango chake cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh 108,000, na kwa kifo Sh 83,000. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini katika viwanda na biashara kuwa Sh 115,000 kwa mwezi. Yaani mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote alistahili, kwa mujibu wa sheria, chini ya mshahara mdogo kabisa wa mwezi mmoja. Sijui hoja gani nyingine ya kuonyesha kwamba haki inaweza kufa huku ikiwa bado imeandikwa.

Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi wa mwaka 1964 haukubadilisha hali hiyo, maana ulimrudishia mlemavu akiba yake mwenyewe kwa mkupuo na si zaidi. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta pensheni ya ulemavu, kwa mchangiaji aliyepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ulianza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. (Katika toleo la sheria lililorekebishwa sheria mpya ilipewa namba ileile ya zamani, Sura ya 263. Mwanafunzi asiye makini huchanganya hukumu za enzi mbili na kupoteza alama.)

Badiliko kubwa zaidi katika sheria hiyo halizungumzwi sana, nalo si la kiwango cha fedha. Chini ya sheria ya kale mdaiwa alikuwa mwajiri. Mgogoro ulikuwa kati ya mtu na mtu, na hakimu alisikiliza ushahidi wa wote wawili. Chini ya sheria mpya mdaiwa ni chombo cha umma. Waajiri wanachangia, Mfuko unapima, Mfuko unaamua, Mfuko unalipa au unakataa. Nauona mpango huu kuwa bora mara kumi, kwa kuwa mwajiri akifilisika au akitoroka, mfuko wa taifa hautoroki. Lakini umemhamisha mfanyakazi aliyeumia kutoka sheria ya madai na kumweka katika sheria ya utawala, na huko swali linalofika kwa jaji ni jingine kabisa. Haulizwi tena mguu ule una thamani gani. Anaulizwa kama ofisi iliamua kwa mujibu wa sheria.

Je, mahakama zetu zilikuwa tayari kwa swali hilo? Hapa inabidi turudi nyuma tena. Katika miongo ya chama kimoja sheria nyingi zilifungwa kwa maneno kwamba uamuzi wa Waziri utakuwa wa mwisho. Mfano mashuhuri ni Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964, iliyozinyang'anya mahakama za kawaida migogoro ya kufukuzwa kazi na kuipeleka katika kamati, na kutoka kamati kwa Waziri. Majaji wa Mahakama Kuu hawakukubali kwamba "wa mwisho" maana yake ni "usioguswa". Walisema uamuzi ni wa mwisho kwa mantiki kwamba hauna rufani, lakini kama ulifikiwa bila mamlaka, au bila kumsikiliza mhusika, Mahakama Kuu bado ina uwezo wa kuuita mbele yake na kuutengua.

Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha, iliweka mipaka ya uwezo huo kwa namna ambayo hadi leo mawakili huikariri. Mahakama Kuu inapofanya mapitio haikai kama mahakama ya rufani. Itatengua uamuzi ikiwa mwamuzi alizingatia mambo asiyopaswa kuyazingatia, au aliyaacha aliyopaswa kuyazingatia; ikiwa hakuwa na mamlaka au aliyavuka; ikiwa hitimisho lake halina mantiki kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye busara ingelifikia; ikiwa kanuni za haki ya asili zilivunjwa; au ikiwa utaratibu au uamuzi wenyewe ulikuwa kinyume cha sheria. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, kilichomtaka mwananchi aombe ridhaa ya Serikali kabla ya kuishitaki. Wanaharakati wengi huijua hukumu hii kwa habari ya ardhi ya wafugaji. Mimi naiona kama msingi wa madai ya kila mstaafu na kila mlemavu nchini, kwani kabla yake aliyekunyima ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mahakama. Bunge lilijibu mwaka 1994 kwa kuweka notisi ya siku 90 badala ya ridhaa. Siku 90 si haba kwa mtu anayeishi kwa kukopa unga, lakini zina mwisho.

Sasa nishuke mtaani. Naishi Kizota, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, eneo la viwanda, mashine za kukamua alizeti na maghala, likiwemo ghala kubwa la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Wakati wa mavuno malori hupanga foleni, na kila lori linashushwa na vijana wanaolipwa kwa gunia. Jirani yangu mmoja alikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi, akihama kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka hadi mwingine. Gunia la lumbesa lilimwangusha kutoka juu ya lori, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo anatembea kwa magongo. Aliomba fao katika ofisi moja ya umma. Baada ya miezi kadhaa alipokea barua ya mistari minne, ikimwarifu kwamba maombi yake yamepitiwa na hayakukidhi vigezo. Kigezo kipi, haikusema.

Aliniletea barua ile nikiwa barazani. "Mwalimu, hapa wamesema nini?" aliuliza. Nilimjibu kwamba hawajasema kitu, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wasomaji walio katika utumishi wa umma watanielewa nikisema kwamba huenda ofisi ile ilikuwa na sababu, tena nzuri. Labda iliona hakuwa mfanyakazi kwa kuwa hakuwa na mkataba. Kama ndivyo, ana jibu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, au anamtegemea huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kushusha magunia kwa tajiri mmoja msimu mzima hukidhi vigezo hivyo bila taabu. Labda iliona amechelewa, maana dai la fidia lina ukomo wa miezi 12 tangu ajali. Au madaktari walimpa asilimia ndogo. Kila moja ya sababu hizo ina jibu lake na ushahidi wake. Lakini mtu hawezi kujibu hoja ambayo hajaambiwa, na jaji hawezi kupima hoja ambayo haimo katika jalada.

Kwa madai ya fidia ya kazini ngazi zipo: mapitio kwa Waziri, kisha Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Anayeruka ngazi atakutana na pingamizi la awali na shauri lake litaondolewa kabla halijasikilizwa, na sioni ubaya wa kanuni hiyo kwa kuwa Waziri anaweza kusahihisha kosa kwa gharama ndogo. Pale ambapo sheria haikuweka rufani, njia ni mapitio ya mahakama chini ya Sura ya 310 na kanuni zake za mwaka 2014. Kwanza unaomba kibali, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukipewa kibali una siku 14 za kuwasilisha maombi yenyewe. Saa hiyo inaanza kugonga siku ya uamuzi, wakati mwombaji mara nyingi bado anazunguka maofisini akiambiwa njoo Jumatatu. Kwa maoni yangu "njoo Jumatatu" imewamaliza waombaji wengi kuliko hukumu yoyote. Na aliyekataliwa kwa mdomo hali yake ni mbaya zaidi: jaji atatengua kitu gani, ikiwa hakuna karatasi?

Suala la asilimia linahitaji maneno ya ziada, kwa kuwa hapo ndipo mapitio yanapogonga mwamba. Chini ya sheria ya 2008 ulemavu wa kudumu unaofikia asilimia 30 au pungufu hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Kati ya 29 na 31, basi, kuna maisha mawili tofauti, na anayeyatenganisha ni daktari mwenye jedwali mkononi. Mahakama haitapima tena mgongo wa mtu, na ni sawa. Hata hivyo yapo maswali ambayo si ya kitabibu. Je, jopo liliiona taarifa ya hospitali iliyomtibu? Je, mwombaji alipewa nafasi ya kuleta maoni ya daktari wake? Je, jopo lilieleza kwa nini limeyakataa? Haya yanatosha ndani ya orodha ya Sanai Murumbe, na wakili asiyeyauliza ameacha nusu ya kesi nyumbani.

Tusidhani kwamba wenzetu wamelimaliza jambo hili. Marekani ina fao la ulemavu la shirikisho, na kila mwaka maelfu ya walionyimwa hupeleka mashauri katika mahakama za wilaya, ambako jaji huangalia kama uamuzi umebebwa na ushahidi wa kutosha, na mara nyingi hulirudisha jalada likaamuliwe upya. Lakini mwaka 1976, katika shauri la Mathews dhidi ya Eldridge, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema Katiba hailazimishi mlemavu asikilizwe ana kwa ana kabla fao halijakatwa. Inatosha asikilizwe baadaye. Ilipima maslahi ya mhusika, hatari ya kukosea, na mzigo wa Serikali, kisha mzani ukaegemea Serikali. Jaji Brennan alipinga, akikumbusha kwamba baada ya fao kukatwa familia ya Eldridge ilipoteza nyumba, samani zikachukuliwa, na wote wakalala kitanda kimoja. Huwapa wanafunzi wangu pande zote mbili za hukumu hiyo. Karibu wote huandika insha wakimuunga mkono Brennan, na wachache wanaoikubali hukumu huwa ni wale waliowahi kufanya kazi Hazina.

Kenya imekwenda mbali kidogo kuliko sisi. Katiba yao ya mwaka 2010 inataja hifadhi ya jamii miongoni mwa haki zinazodaiwa mahakamani katika Ibara ya 43, na Ibara ya 47 inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwetu, rasimu ya Tume ya Jaji Warioba na Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 zote ziliweka ibara mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Wakati tunasubiri, fao jipya limezaliwa katika halmashauri. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni mkopo, si ruzuku, lakini ni fungu lililotajwa na sheria, na kikundi kinachonyimwa kinanyimwa na mamlaka ya umma. Nadhani shauri la mapitio juu ya asilimia mbili litakuja, na ningependa litoke Dodoma. Watakaolileta wajue kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 kesi ya madai dhidi ya halmashauri nayo inahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na ifunguliwe Mahakama Kuu. Yule aliyezoea kumalizana na mtendaji wa kata atajikuta mbele ya mawakili wa Serikali wenye majoho.

Jirani yangu tulimwandikia barua ya kuomba sababu, kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Tuliinukuu Ibara ya 13(6)(a), tukaambatanisha taarifa ya hospitali, tukataja kifungu cha 61 na majina ya vijana watatu walioshusha lori siku ile. Nakala moja ilipigwa muhuri wa mapokezi na kurudi naye. Nilimsisitizia asiondoke dirishani bila muhuri huo. Katika ukurasa wa nyuma wa nakala hiyo ameandika kwa kalamu ya bluu tarehe ya uamuzi wa kwanza, na chini yake tarehe ambayo miezi sita itatimia.